Mikono Juu ya Blanketi

Mwalimu wangu wa gitaa alichukua siku nne kufa, na katika siku hizo nne alinifundisha wimbo ambao hakuwahi kunifundisha kwa miaka ishirini na tisa. Nakisimulia kisa hiki mwenyewe kwa sababu watu wa Nashville wameshakisimulia sana, na kila mmoja ametia chumvi yake.

Jina lake lilikuwa Makia Nahale. Alizaliwa Hawaii, katika bonde moja la kisiwa kikubwa, akaondoka akiwa na miaka kumi na tisa. Alizunguka majimbo yote ya kusini na kundi la maonyesho lililopiga muziki ndani ya hema, wanaume watano wenye mashada ya maua ya karatasi shingoni. Mwaka 1927 dhoruba iliangusha hema lao pale Corley, Alabama, kwenye mji wetu wa kiwanda cha pamba, na mlingoti ukamvunja mguu. Wenzake wakaendelea na safari. Yeye akalazwa kwenye nyumba ya wapangaji ya mjane mmoja aitwaye Ozella Pruitt, na mguu ulipopona akawa ameshamchumbia Ozella. Karani wa ndoa alisikia "Mack Nally", akaandika hivyohivyo, akamdhania Mwairishi aliyeungua jua. Jambo hilo liliwasaidia, maana sheria ya Alabama ya siku zile ilitaka kujua rangi ya kila bwana harusi wa mwanamke mzungu. Kuanzia siku hiyo Corley nzima ikamwita Mack.

Alipata kazi kiwandani ya kutia mafuta mashine za kufumia. Mama yangu alikuwa mfumaji kwenye chumba hichohicho, na mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipopita mbele ya baraza la Ozella, Jumapili moja baada ya ibada, nikasikia kitu nilichodhani ni mwanamke analia kwa furaha. Nilipochungulia nikamwona mwanamume ameketi, gitaa limelala mapajani mwake kama sinia, anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi.

"Unataka nini, Binti?" akaniuliza.

"Nataka kujua nani analia."

Akacheka, akanikalisha, akanilazia gitaa mapajani. Nililishika kwa nguvu kama kuku anayetaka kukimbia. "Usilibane," akasema. "Huyo mtoto amelala. Ukimbana anaamka vibaya."

Alinifundisha miaka sita. Nikaenda zangu Nashville, mji wa wanamuziki, nikapiga na bendi za kila aina, nikaolewa mara moja na mume akanikimbia, gitaa likabaki. Kufikia mwaka 1951 nilikuwa nimetulia na bendi ya Dub Hargett, mwimbaji wa muziki wa kantri mwenye sauti nzito na kofia nyeupe, na tukatoa wimbo mmoja ambao kila redio ya kusini iliupiga mpaka watu wakauchoka. Waliuchoka wimbo, lakini si mlio wangu. Katikati ya ubeti nilikuwa navuta uzi mmoja mpaka mlio ukapanda, ukavunjika, ukapanda tena juu ya pale ulipovunjikia. Waandishi waliuita "kilio cha Verlie", kwa jina langu. Vijana wa bendi nyingine walikuja kuketi mbele wanitazame mkono.

Waandishi walipouliza nimeutoa wapi, nilisema nimeutoa kwa wanawake wa kanisa letu kule Corley, wanavyougulia wakati wa maombi. Haukuwa uongo wote. Wanawake wale waliugulia kweli. Lakini mkono ulionionyesha kuvuta ule mlio ulikuwa na mafuta ya mashine kwenye kucha, nami nilijua hivyo nilipokuwa nikijibu. Kantri ya siku zile ilipenda kuamini kwamba imezaliwa milimani na kubatizwa mtoni, bila mgeni yeyote kushiriki. Nikawapa walichotaka.

Oktoba ya mwaka 1957 nilipigiwa simu na Mozelle Akins, jirani yake. Ozella alikuwa ameshafariki miaka minane nyuma, na hawakuwa na mtoto. "Moyo umechoka," Mozelle akasema. "Daktari anasema wiki hii. Kama unakuja, njoo."

Nilimkuta Dub nyuma ya jukwaa anakunywa kahawa.

"Nani kafa?" akauliza aliponiona.

"Hajafa. Anakufa."

"Baba yako?"

"Mwalimu wangu wa gitaa."

Akaweka kikombe chini. "Verlie, si ulisema ulijifunza mwenyewe kwa kusikiliza kanisani?"

"Nilisema mengi, Dub."

Akasema wapo vijana watatu wanaoweza kukaa kwenye kiti changu kwa wiki mbili, na kwamba hakuna hata mmoja wao atakayevuta kile kilio, basi nisikawie.

Nilimkuta Mwalimu kwenye kitanda chake cha shaba, amefunikwa blanketi la viraka alilolishona Ozella. Alikuwa amebaki macho na mikono. Mkate wa mahindi na sukuma aliyopika Mozelle vilikuwa vimepoa kwenye kiti.

"Umenenepa," akaniambia.

"Nawe umekonda, Mwalimu."

"Basi tumegawana."

Nikaketi. Akavuta pumzi kidogokidogo kama mtu anayepanda ngazi. "Nilikusikia redioni. Walikuuliza ule mlio umeutoa wapi."

Nikatazama blanketi. "Ukafanya nini?"

"Nikaongeza sauti. Nilitaka kujua na mimi."

Nilimwomba radhi. Maneno yalitoka vibaya, nusu yake nikaishia kulia, na yeye akaningoja nimalize, kama alivyokuwa akiningoja nilipokosea zamani.

"Hata mimi haukuwa wangu," akasema. "Ni wa dada yangu, Luika. Alikuwa akiimba, sauti inapanda, inavunjika, inapanda tena. Watu walikuwa wanaacha majembe mashambani. Mimi sikuwa na koo lile. Nikautafuta kwenye nyuzi."

"Yu hai?"

"Sijui. Kwanza ilikuwa hema, kisha ikawa mguu, kisha ikawa mke, kisha ikawa aibu. Miaka arobaini na nane sijaandika barua." Akafumba macho. Nilipodhani amelala akasema, "Nipeleke nyumbani, Binti."

"Uko nyumbani, Mwalimu."

"Mifupa," akasema. "Mifupa iende."

Hilo ndilo neno lake la mwisho nililolielewa. Jioni hiyohiyo akili ilimtoka.

Asubuhi ya pili mikono ilianza. Mkono wa kulia ulikuwa ukidonoa blanketi kwa kidole gumba na vidole viwili. Wa kushoto ulikuwa ukiteleza, unakwenda mbali, unarudi, unasimama, unatetemeka.

Mozelle alitikisa kichwa. "Wanaokufa hupapasa nguo. Mama yangu alifanya hivyohivyo."

Nilitazama kwa dakika nyingi kabla ya kumjibu. "Mama yako alikuwa anapapasa, Mozelle. Huyu anapiga."

Blanketi lile lilikuwa la viraka vya mraba, vyote sawa, upana wa vidole vitatu, vimepangwa mstari mmoja kukatiza kifua chake. Mkono wa kushoto ulikuwa hausimami popote ila kwenye mishono. Alisimama mshono wa tano, akarudi wa tatu, akapanda mpaka wa kumi na mbili, pale akatetemesha. Mkono wa kulia uliniambia uzi gani. Mimi nilizijua nyuzi zake zinavyofungwa, alinifundisha mwenyewe, basi kila aliposimama nilisikia sauti kichwani. Chumba kilikuwa kimya, saa ya ukutani peke yake inagonga, na mimi nilikuwa nasikiliza muziki.

Haukuwa wimbo ninaoujua. Nilizijua nyimbo zake zote, hata zile za upuuzi za hemani. Huu ulikuwa wa taratibu, una sehemu mbili, ya pili iko juu. Ulipofika mwisho mikono ilipumzika, labda kwa muda wa kuchemsha chai, kisha ikaanza upya, palepale, bila kukosea hata mraba mmoja. Nilichukua kipepeo cha karatasi cha kujipepea kanisani kilichokuwa dirishani, nikaandika nyuma yake namba za viraka. Siku ya tatu nilikuwa na wimbo mzima. Sikuthubutu kuugusa kwenye gitaa. Niliona kama ningekuwa nachungulia barua ya mtu.

Siku ya nne, jua limeshapanda, mkono wa kushoto ulipanda mpaka mraba wa kumi na mbili kwenye ile sehemu ya pili, ukatetemeka, ukabaki pale. Niliketi nikingoja ushuke. Mozelle ndiye aliyenigusa bega.

Mzika maiti wa mji wetu, Bwana Grissom, alikuwa mtu mwema mwenye suti iliyombana. Nilipomwambia marehemu alitaka mifupa yake ipelekwe Hawaii, akakuna shingo. Sanduku zima kwa treni na meli, akasema, lingechukua miezi na ruhusa za serikali tatu. Nikamuuliza kuhusu kuchoma.

"Hapa hatuchomi watu, Dada Verlie. Tunachoma majani makavu."

"Kuna mahali wanachoma?"

"Kaskazini. Safari ya treni ya siku nzima." Akashusha sauti. "Mchungaji atasema kitu."

Mchungaji alisema vitu vingi. Nikamsikiliza mpaka mwisho, kisha nikampandisha Mwalimu treni ya kaskazini. Siku ya sita nikapewa sanduku la bati lenye uzito wa mtoto mchanga.

Wakati huohuo nilikuwa nimeandika barua kwa posta ya karibu na lile bonde, kwa anwani ya kubahatisha tu: kwa yeyote wa ukoo wa Nahale. Jibu lilikuja kwa simu ya maandishi. Lilisema: Mama Luika yu hai. Njoo. Na chini yake, Emalia, wa posta.

Emalia alikuwa binti wa Luika mwenyewe, mwanamke wa umri wangu, mpana na mchangamfu, ndiye aliyepanga barua za eneo lile lote. Alikuja kunipokea uwanja wa ndege na shada la maua halisi. Ndani ya gari lake nilikuwa na sanduku mapajani, na gitaa miguuni. Njiani alinieleza mambo kwa mafungu: mama yake ana miaka sabini na minne, Kiingereza anakielewa hata asipotaka kukijibu, na nyumba yao iko ukingoni juu ya bonde, lakini makaburi yako chini.

Luika alikuwa ameketi barazani. Alikuwa mkubwa wa mwili, nywele nyeupe zimesukwa na kuzungushwa kichwani, na mikono ile, nilipoiona tu nilijua ni dada yake. Aliniangalia, akaangalia sanduku, akasema kitu kwa lugha yao.

"Anauliza kaka yake yuko wapi," Emalia akasema.

Nikamkabidhi lile bati kwa mikono miwili. Luika akalifungua. Akatazama ndani kwa muda mrefu sana, kisha akauliza neno moja, polepole.

Emalia akanigeukia. "Dada Verlie, anauliza mmemfanya nini."

Nikaeleza. Treni, ruhusa, miezi. Nilivyokuwa naeleza niliona uso wa Emalia unabadilika. Akaniambia, bila ukali, kwamba kwao mfupa ndio mtu. Mfupa unaoshwa, unafungwa, unafichwa, unalindwa kizazi hata kizazi. Zamani, ukitaka kumtukana mtu mpaka mwisho, ulikuwa unachoma mifupa yake.

Mwalimu aliniomba jambo moja tu, na mimi nimemfanyia la kinyume kabisa, kwa moyo mweupe na haraka ya kijinga. Luika alitumbukiza mkono kwenye majivu. Akatoa kipande kidogo cheupe, cha ukubwa wa punje ya mahindi, akakifunga ndani ya kiganja. Akainuka, akaingia ndani na bati, mlango ukafungwa.

"Nitaondoka kesho," nikamwambia Emalia.

"Hakuna ndege kesho," akasema. "Na umekuja mbali. Kula kwanza."

Alinipa samaki na uji mzito wa magimbi yaliyopondwa, wa rangi ya zambarau. Nilikula kama mtu anayetumikia kifungo. Asubuhi mlango wa Luika ulikuwa bado umefungwa. Mvua ilikuwa imenyesha ikapita, bonde lote chini yetu linatoa mvuke, na maporomoko mawili ya maji yananing'inia kwenye ukuta wa mwamba ng'ambo. Niliketi barazani. Nikafungua sanduku la gitaa, nikatoa kile kipepeo cha karatasi, nikakiegemeza kwenye nguzo, na kwa mara ya kwanza nikaupiga ule wimbo wa kwenye blanketi.

Niliupiga taratibu, kwa uwoga. Ulikuwa mzuri kuliko nilivyousikia kichwani. Nilipofika ile sehemu ya juu nikasikia mlango.

Luika alikuwa amesimama kizingitini, mkono mmoja ukutani. Hakunitazama mimi, alitazama mapaja yangu, chuma, nyuzi. Nikaacha.

"Endelea," akasema kwa Kiingereza.

Nikaendelea. Akaimba.

Nimepiga mbele ya watu elfu ishirini. Nimewahi kusimama karibu na waimbaji wakubwa kiasi cha kuhisi pumzi yao. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Mwanamke wa miaka sabini na minne, hajapiga mswaki, ana shuka mabegani, na sauti ikatoka chini kabisa kama mtu anayeongea na mtoto, ikapanda, ikavunjika, ikapanda tena juu ya pale ilipovunjikia. Kilio changu. Kilichoandikwa magazetini na jina langu. Kile nilichokuwa nakipiga miaka sita kilikuwa mfano tu wa kitu hiki, kama mtu aliyeona picha ya bahari. Nikainua chuma nimsikilize. Yeye hakuacha. Chini bondeni mtu aliyekuwa anafanya kazi kwenye matope ya magimbi alisimama wima, akavua kofia.

Emalia alikuwa ametoka na kijiko cha kupikia mkononi, machozi yanamtiririka na hayafuti.

Luika alipomaliza akauliza, kwa lugha yake, na Emalia akatafsiri: "Alikupigia lini?"

"Hakunipigia. Hakuwahi kuupiga hata mara moja. Aliupiga kwenye blanketi siku za kufa, kwa mikono mitupu. Nilihesabu viraka."

Emalia alinifanya nirudie. Kisha akamweleza mama yake, na Luika akaketi sakafuni palepale, mgongo kwenye kizingiti.

Baadaye nilielezwa. Ulikuwa wimbo wa jina lake. Mama yao aliutunga siku Makia alipozaliwa, ndani yake mna jina lake, na la bonde, na la mvua iliyonyesha siku hiyo. Wimbo wa jina hauimbwi na mwenye jina. Unaimbiwa na wanaokupenda. Ndiyo maana hakuupiga hemani, wala kwa Ozella, wala kwangu. Mara ya mwisho Luika alipouimba ilikuwa siku kaka yake alipopanda meli. Na kule Corley, alipoona kifo kimefika na hakuna mtu wa kumwimbia, mikono yake ikafanya kazi hiyo.

Luika, bado ameketi kizingitini, akanitazama usoni. "Sehemu ya pili umekosea," akasema.

"Nimeupiga kama alivyoupiga, Bibi."

"Najua. Pale alikuwa anakosea tangu mtoto, akiujaribu kwa siri. Rudia."

Nilirudia. Nilirudia mpaka jua likawa kichwani, na kila nilipokosea alipiga ubao wa sakafu kwa kiganja, na mara moja akaniambia kitu kilichomfanya Emalia acheke mpaka akashika nguzo. "Anasema una mkono wa mtu anayekama ng'ombe."

"Mwambie nimekama sana," nikasema, na bibi yule akacheka na yeye.

Siku iliyofuata tulishuka bondeni kwa miguu, Luika juu ya nyumbu. Lile bati halikwenda kama nilivyolileta. Usiku kucha alikuwa ameyachambua majivu kwa vidole, akatoa kila kipande cha mfupa kilichobaki hata kama ni chembe, akavifunga kwenye kitambaa cheupe cha kanisani. Vikazikwa kando ya mama yao. Majivu yakapewa mto. Hapakuwa na hotuba. Luika aliimba jina, mimi nikapiga nikiwa nimeketi kwenye jiwe lenye maji, na ukuta wa mwamba ukawa unaturudishia kila sauti ikiwa imechelewa kidogo, hata ikaonekana kuna mtu wa tatu anayepiga nyuma yetu.

Tulipokuwa tunapanda nikamuuliza kama naruhusiwa kuupiga kwetu. Nilikuwa nimejiandaa kukataliwa.

Alifikiri mpaka nyumbu akamaliza kona mbili. "Asingeweza kujiimbia," akasema kupitia Emalia. "Sasa walio hai waimbe. Lakini anza na jina lake. Usipige kwanza ukataja baadaye, kama mtu anayekumbuka kuomba radhi. Jina kwanza."

Nilirudi Nashville nikiwa nimekawia siku kumi na moja. Jumamosi ile tulikuwa kwenye kipindi cha redio kinachosikika majimbo yote ya kusini. Nilimwomba Dub dakika tatu bila kumwambia za nini, naye akanipa. Nikasogelea kipaza sauti, jambo ambalo sikuwa nimezoea, nikasema kile kilio mnachokiita cha Verlie si cha Verlie. Nikasema jina la Makia Nahale, silabi moja moja. Nikasema alikuwa Mhawai, kwamba alitia mafuta mashine za Corley, na kwamba kantri inalia vile inavyolia kwa sababu mtu huyo alivunjika mguu Alabama. Kisha nikapiga. Nilipoinua chuma, ukumbi haukupiga makofi. Dub alivua ile kofia yake nyeupe, akasahau kuivaa mpaka kipindi kilipokwisha.

Nilidhani barua zitakuwa za matusi. Chache zilikuwa. Lakini katika wiki tatu nilipata barua kumi na saba nyingine, kutoka Georgia, Tennessee, Mississippi, mpaka Texas, za watu wasiojuana, na zote zilisema jambo moja kwa maneno tofauti. Mmoja alikuwa kinyozi. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Wawili walikuwa wapiga gitaa niliowajua kwa jina na kuwaonea wivu. Mwaka 1923, waliandika, au 1919, au 1926, hema lilikuja mjini kwetu. Baada ya onyesho yule aliyepiga gitaa mapajani aliniita akanikalisha. Alinionyesha namna. Sikuwahi kujua anaitwa nani.

Nilizitandaza mezani jikoni, nikatafuta ramani ya barabara, nikawa naweka punje ya maharage kwenye kila mji. Nilipomaliza nilikaa nikiitazama ramani ile mpaka chai ikapoa. Niliyajua mashairi yetu na bendi zetu, nani alimfuata nani. Sikujua kwamba mtu mmoja mwenye maua ya karatasi alikuwa amepita chini ya yote hayo, mji baada ya mji, kama maji chini ya mchanga.

Barua ya kumi na saba iliandikwa na mke wa mtu aitwaye Theotis Rudd, wa Meridian, Mississippi. Mumewe ni kipofu tangu utotoni, aliandika, na ni mtu mweusi, kwa hiyo mwaka 1925 hakuruhusiwa ndani ya hema. Alisimama nje akisikiliza kupitia turubai. Onyesho lilipokwisha mtu mmoja alitoka nyuma, akaketi naye kwenye kreti, akamshikisha chuma.

Niliendesha gari mpaka huko. Bwana Rudd alinipokea mlangoni na koti la kanisani, ingawa ilikuwa Jumanne. Mkewe alituandalia viti viwili dirishani. Nilimpigia ule wimbo, jina kwanza, kama nilivyoagizwa. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Huo hakunipa," akasema. "Mimi alinipa mwingine."

Akalaza gitaa lake mapajani. Chuma chake kilikuwa shingo ya chupa iliyosuguliwa ikawa laini. Alichopiga sikuwahi kukisikia, wala Corley wala bondeni wala kwenye ramani yangu yote: kitu cha haraka, chenye kicheko ndani yake, kinachokwenda mbio kikaruka mahali nilipotegemea kisimame. Miaka sita ya masomo, na hiki hakunionyesha.

"Alisema ameutunga siku hiyohiyo, amekaa pale kwenye kreti," Bwana Rudd akasema. "Alisema ni wa kwangu."

Nikatoa gitaa langu, nikasogeza kiti mpaka magoti yetu yakakaribiana, nikamwomba aanze tena mwanzo, polepole.